Ufunguo wa Sanduku la Maoni

Katika shule nyingi za msingi Tanzania sanduku la maoni huning'inia ukutani, hatua chache tu kutoka mlango wa mwalimu mkuu. Ni kisanduku cha mbao chenye upenyo mwembamba juu na kikufuli ubavuni. Ukilifungua unaweza kukuta maganda ya pipi mengi kuliko barua, na sababu yake haihitaji utafiti: dirisha la ofisi linalitazama sanduku, na ufunguo uko kwenye droo ya mwenye ofisi. Mwanafunzi wa darasa la sita anayetaka kusema kwamba mwalimu fulani anapiga kupita kiasi analijua hilo kabla hajashika kalamu.

Mfuate sasa mzazi. Tuseme ni Mama Asha, mama wa kufikirika, ambaye mtoto wake karudishwa nyumbani kwa kukosa shilingi 2,000 za mlinzi. Anamwomba jirani amwandikie barua kwa Afisa Elimu Kata. Jirani anajua desturi za ofisi, anaanza na "YAH: MTOTO KURUDISHWA NYUMBANI", halafu "kichwa cha habari hapo juu chahusika". Afisa anaisoma, anaandika pembeni kwa wino mwekundu: "M/Mkuu, shughulikia." Barua inashuka hadi shuleni ikiwa na jina la mama, la kitongoji na la mtoto. Kesho yake Asha anaulizwa mbele ya wenzake ni nani aliyemtuma mama yake kwenda kushtaki kwa wakubwa.

Hapo hakuna aliyevunja utaratibu. Kushusha jambo kwa aliye karibu nalo ndiyo kazi ya ofisi siku zote, na kwa bati linalovuja inafaa kabisa. Linapokuwa lalamiko dhidi ya mtu, inakuwa ile kesi ya nyani ambayo hakimu wake ni ngedere.

Mama Asha akikataa kuishia hapo, atakutana na milango mingi mno. Shule za serikali ziko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa. Sera na wathibiti ubora wa shule wako Wizara ya Elimu. Nidhamu ya mwalimu iko kwa Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya 2015, ingawa makosa madogo huamuliwa na mkuu wa shule mwenyewe. Mtoto akiwa ameumizwa, kuna ustawi wa jamii na polisi. Kila mlango unaweza kumwambia, bila kusema uongo, "hilo si letu, jaribu pale."

Mchango wa mlinzi, zaidi ya hayo, ni aina ya lalamiko linalosomwa vibaya. Elimu bila ada ilipotangazwa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ruzuku ya serikali ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. 6,000 ziende shuleni, 4,000 zibaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto 500 ikazitegemea milioni 3 kwa mwaka, yaani 250,000 kwa mwezi, na humo ndimo itoke chaki, ukarabati, mitihani na michezo. Mlinzi alipwe na nani? Mwalimu mkuu akageukia wazazi. Barua ya Mama Asha ikishughulikiwa peke yake, mwisho wake ni mwalimu mkuu kukemewa na mchango kubatizwa jina jipya. Afisa anayezipanga barua za kata nzima mezani angeona kwamba zote zinaelekeza kwenye tundu moja la bajeti, na tundu hilo halizibwi kwa kumkemea mtu.

Kelele za michango zilipanda hadi Ikulu. Januari 2018 Rais John Magufuli, mbele ya mawaziri Joyce Ndalichako na Selemani Jafo, alipiga marufuku michango shuleni. Wazazi walishusha pumzi, lakini amri yenyewe haikugusa ruzuku. Na ni shida kuona jinsi nchi yenye shule za msingi zaidi ya 17,000 itakavyoendeshwa ikiwa habari za mlinzi lazima zimfikie Rais ndipo zipate jibu.

Ajabu ni kwamba shule zinajua sana kutunza kumbukumbu zinapotakiwa. Kanuni za viboko za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa ruhusa kwa maandishi, na kila tukio liingizwe kitabuni: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa, kisha saini ya mkuu. Mtoto akichapwa, ana ukurasa wake. Mtoto huyohuyo akisema kwamba kachapwa sita wala si vinne, maneno yake hayana pa kuandikwa.

Katika kulipa neno la mtoto uzito, Kenya ilichagua kuanza na watu wazima. Waraka Na. 3 wa 2010 wa Tume ya Utumishi wa Walimu ya huko, unaohusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya unyanyasaji wa kingono, unamtaka mwalimu anayejua au kushuku tukio aliripoti ndani ya saa 24, na anayelifunika ana kesi ya nidhamu. Kwa maneno mengine, kunyamaza kumefanywa kosa. India iliweka muda ndani ya sheria: kifungu cha 32 cha Sheria ya Haki ya Elimu ya 2009 kinaipa mamlaka ya mtaa miezi mitatu ya kuamua lalamiko baada ya kuwasikiliza wahusika, na asiyeridhika ana pa kukata rufaa. Chile ilikwenda mbali zaidi. Kwa sheria ya 2011 ikaunda chombo cha usimamizi wa elimu kilicho kando ya wizara, kikague matumizi ya fedha za shule na kupokea malalamiko ya wazazi. Gharama yake ni kubwa, na si lazima kila nchi iige.

Tanzania yenyewe si mgeni katika mambo haya. Mwaka 1966 ilianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, miongoni mwa vyombo vya kwanza barani Afrika vya kusikiliza wananchi wanaoonewa na ofisi za umma. Tangu 2001 kazi hiyo iko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ila tume ya taifa ni ya kesi zilizoshindikana chini, na chini ndiko kwenye pengo.

Pengo hilo limeanza kuzibwa kutoka upande wa watumishi. Mwalimu anayeomba uhamisho sasa hupitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, badala ya kubeba faili mkononi kutoka wilaya hadi Dodoma. Kwa wananchi wote upo e-Mrejesho, mfumo wa Mamlaka ya Serikali Mtandao unaopokea malalamiko, maulizo, mapendekezo na hata pongezi. Ni hatua kubwa. Lakini mfumo hubeba tu barua. Ukiisukuma kwa kasi ya umeme hadi kwa yuleyule aliyelalamikiwa, Asha ataulizwa mapema zaidi.

Walimu nao wana hofu ya haki, na jina lake ni majungu. Barua isiyo na jina imewahi kumkosesha mtu usingizi, wakati mwingine na cheo. Dawa yake ni uandishi uleule wa kitabu cha viboko: lalamiko lenye tarehe na lenye mtu aliyepewa kulichunguza humpa mwalimu nafasi ya kujibu kwa maandishi. Umbea wa kwenye korido haumpi.

Halmashauri inayotaka kuanza Jumatatu inahitaji kaunta buku moja na afisa asiye na ndugu wala bosi katika shule husika. Afisa huyo ndiye akae na ufunguo wa sanduku, alifungue mbele ya mjumbe wa kamati ya shule, na jina la mlalamikaji libaki kwake. Safu za kitabu zichorwe kwa rula: namba, tarehe, jambo lenyewe, aliyekabidhiwa, siku ya mwisho ya kujibu, jibu lililotolewa. Kila robo mwaka malalamiko yahesabiwe, na hesabu ipelekwe baraza la madiwani. Safu ya mwisho kabisa, ile ambayo ofisi nyingi zingependa kuiruka, ni ya saini ya Mama Asha, au dole gumba lake, kuonyesha kwamba jibu limemfikia.