Je, wajua? Baiskeli humwangusha anayekwenda polepole

Baiskeli isiyo na mtu, ikisukumwa kwa nguvu uwanjani kisha ikaachiwa, haianguki papo hapo. Hukimbia peke yake. Ukiipiga kikumbo cha ubavuni ikiwa mbioni, huinama, usukani hujikata wenyewe kuelekea upande inakoinamia, nayo huinuka tena. Mwaka 2007 watafiti wanne, J. P. Meijaard, Jim Papadopoulos, Andy Ruina na Arend Schwab, walichapisha hesabu kamili za jambo hili. Baiskeli waliyoipigia hesabu hujishika yenyewe ikiwa na mwendo wa kati ya mita 4.3 na mita 6 kwa sekunde, yaani kilomita 15 hadi 22 kwa saa hivi. Chini ya hapo huyumba, na kila inapoyumba huzidisha, mpaka iende chini. Juu ya hapo huanza kulala upande mmoja, lakini kwa utaratibu kiasi kwamba aliye juu yake huirekebisha bila hata kujua kwamba ameirekebisha.

Habari hii ingemfaa sana mtu mzima anayejifunza baiskeli Bariadi, Tanzania. Wapo, ingawa hawajitangazi. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 ukiwa na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, ni nchi ya baiskeli: baiskeli ndiyo inayobeba madumu ya maji, gunia la mahindi, pamba inayokwenda kupimwa, mbuzi wa mnadani, na mgonjwa anayepelekwa zahanati. Kila Msukuma wa huku hudhaniwa amezaliwa akijua kuendesha. Sasa mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka mjini, au mama ambaye tangu utotoni alipakiwa kwenye karia huku kaka zake wakishika usukani, ataanzia wapi? Huanzia uwanja wa shule, jioni, wanafunzi wakishaondoka. Anayemfundisha hushikilia karia kwa nyuma na kukimbia naye, akirudia yale yale: "Dada, usiangalie tairi. Angalia kule mbele, kwenye mti."

Ushauri huo ni sahihi. Unaokosekana mara nyingi ni ule wa mwendo. Mtu mzima anaijua bei ya kuvunjika mkono. Ana shamba, ana kazi, ana watoto wa kulisha. Kwa hiyo huenda polepole, akiamini kwamba polepole ndiyo salama, na hapo ndipo anapoanguka.

Sababu yake ni hii. Baiskeli haisimami kwa mpandaji kujiinamisha huku na huku. Husimama kwa magurudumu kurudishwa chini ya uzito unaoanguka. Ukianza kulalia kulia, unakata usukani kulia, magurudumu yanakwenda kulia, nawe unajikuta uko juu yake tena. Nguvu ya kukurudisha hutegemea mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Mwendo ukipungua nusu, usukani unatakiwa ukatwe karibu mara 4 zaidi ili kupata nguvu ile ile. Ndiyo maana mwanafunzi anayetambaa uwanjani hukata usukani kama anayesonga ugali wa harusi, na kila mkato unakuja umechelewa. Mwenye mwendo wa kutosha hugusa tu.

Na muda wenyewe ni mchache. Mtu na baiskeli yake wana kitovu cha uzito kilicho kama mita moja kutoka ardhini. Kitu cha kimo hicho kikianza kuanguka, mlalo wake huongezeka karibu mara 3 katika kila theluthi ya sekunde. Nyuzi 1 inakuwa 3, tatu zinakuwa karibu 8, na hapo umeshatafuta ardhi kwa mguu. Lakini katika hesabu hiyo hiyo mtu mzima ana nafuu asiyoijua: kitu kirefu huanguka taratibu kuliko kifupi. Jaribu kusimamisha kalamu juu ya kidole, kisha fimbo ya kuchungia ng'ombe. Fimbo inakubali, kalamu haikubali. Mtoto wa miaka 6 kwenye baiskeli ndogo ana muda mfupi zaidi wa kujirekebisha kuliko baba yake, na bado hujifunza haraka kumzidi.

Kwa nini? Jibu moja liko kwenye viungo. Nikolai Bernstein, mwanasayansi wa Kisovieti aliyechunguza jinsi mwili unavyojifunza kazi, aliona kwamba anayeanza hukaza viungo ili apunguze vitu vya kusimamia. Ustadi ukija ndipo huvilegeza kimoja baada ya kingine. Mtu mzima mwenye hofu hukaza kupita kiasi: viwiko vimenyooka, mabega yamepanda, vidole vimeshika usukani kama vinataka kuukamua. Usukani ulioshikwa hivyo hauwezi kufanya ile kazi ya kujikata wenyewe. Mashine inataka kumsaidia, yeye ameifunga mikono.

Jibu jingine ni kwamba ujuzi huu hauingii kwa maneno. Wilbur Wright, ambaye kabla ya kuunda ndege alikuwa fundi na muuza baiskeli pamoja na ndugu yake Orville, alikuwa akiwauliza waendeshaji wanavyokata kona, na hakupata aliyejibu mambo yote sawasawa kwa mara ya kwanza. Ukweli ni kwamba ili kwenda kushoto, mwendeshaji huanza kwa kusogeza usukani kidogo kulia. Baiskeli inalalia kushoto, ndipo anaufuata mlalo. Muulize dereva yeyote wa baiskeli za abiria pale stendi. Atakwambia anakata tu. Hadanganyi, mwili wake unajua jambo ambalo yeye hajaambiwa. Mwaka 2015 Destin Sandlin, mhandisi wa Alabama, Marekani, alionyesha hadharani baiskeli ambayo usukani wake ukipelekwa kulia, gurudumu huenda kushoto. Alielewa kanuni yake mara moja, lakini akachukua miezi 8 kuweza kuiendesha. Mwanawe mdogo alichukua wiki 2. Hao ni watu wawili tu, wala si utafiti, lakini mtu yeyote aliyewahi kumfundisha mjomba wake baiskeli hatashangaa.

Wengi waliosoma fizikia kidogo watasema baiskeli inasimamishwa na mzunguko wa magurudumu, kama vile pia ya watoto inavyosimama ikizunguka. Mzunguko unachangia, lakini si lazima. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones alifunga gurudumu la ziada linalozunguka kinyume ili kuifuta nguvu hiyo, akapanda, akaenda bila taabu kubwa. Kilichomshinda kilikuwa kubadili mahali pa gurudumu la mbele. Uma wa baiskeli umelala, na tairi hugusa ardhi nyuma kidogo ya pale ambapo mstari wa uma ungegusa. Ndiyo sababu gurudumu hufuata nyuma na kujinyoosha. Jones alipolisogeza mbele sana, mashine ikawa kero. Baadaye, mwaka 2011, Schwab, Ruina na wenzao walitengeneza kigari cha magurudumu mawili madogo kisicho na nguvu ya mzunguko wala hiyo hali ya kufuata nyuma, na bado kilijisimamia kwa jinsi uzito wake ulivyopangwa. Kwa hiyo hakuna siri moja. Ila kwa baiskeli zetu, mlalo wa uma ni jambo kubwa. Ile baiskeli ya Phoenix ya kiume ya tairi 28 ina uma uliolala zaidi ya ule wa baiskeli za mashindano, ndiyo maana kwenye lami huenda yenyewe kama punda anayejua nyumbani. Ni nzito, kama kilo 20, na mtu mfupi huipanda kwa shida. Lakini ikishashika mwendo ni mwalimu mzuri kuliko hizi nyepesi za gia.

Tatizo ni kuupata huo mwendo wa kwanza. Hapa historia inasaidia. Mashine ya kwanza ya magurudumu mawili, aliyoiendesha Karl Drais mjini Mannheim, Ujerumani, Juni 1817, haikuwa na pedeli. Ilikuwa ya mbao, nayo pia ya kilo 20 na kitu. Mpandaji aliketi na kukimbia kwa miguu, kisha akaiinua miguu na kuserereka. Pedeli zilikuja Ufaransa miaka ya 1860. Wanaume wazima wa zama za Drais walijifunza mizani kwanza, kukanyaga baadaye, na mpangilio huo haujapitwa.

Basi anayejifunza ang'oe pedeli. Spana namba 15 inatosha. Ya kulia inafunguliwa kama skrubu yoyote, lakini ya kushoto ina nyuzi zilizogeuzwa: unazungusha kuelekea kulia ili itoke. Wengi huikaza mpaka jasho likawatoka, wakadhani ina kutu. Imefanywa hivyo ili isijifungue yenyewe njiani. Kisha shusha siti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini, tafuta mteremko mdogo wa ardhi ngumu, na ujiachie kwa miguu kama Drais. Hakuna haja ya mtu kukimbia nyuma. Anayeshikilia karia humnyima mwanafunzi ule mlalo anaotakiwa kuuhisi.

Pedeli zikisharudishwa, kuna hatua ya pili ambayo wenyeji wanayo tayari. Tazama mzee akipanda Phoenix yake: mguu wa kushoto juu ya pedeli, wa kulia unasukuma ardhi mara mbili tatu, baiskeli inaserereka naye akiwa amesimama ubavuni, ndipo anaurusha mguu juu ya karia na kuketi. Kijana wa Kitintale, Kampala, ambako uwanja wa skeitibodi, ule ubao wenye magurudumu, ulijengwa mwaka 2006, angeutambua mwendo huo mara moja: mguu mmoja kwenye mashine, mwingine unasukuma. Skeitibodi nayo haina subira na mwoga. Mhandisi Mont Hubbard alionyesha kwa hesabu mwaka 1979 kwamba ubao huo hutulia kadiri unavyokwenda kasi. Anayedhani ni mchezo wa watoto amwangalie Dallas Oberholzer wa Afrika Kusini, aliyeshindana katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 akiwa na miaka 46.

Hata hivyo skeitibodi isingefika mbali Simiyu. Gurudumu lake lina kipenyo cha milimita 50 na kitu, na kokoto la ukubwa wa harage linaweza kulisimamisha ghafla, mpandaji akaendelea peke yake. Gurudumu la Phoenix lina milimita 700 hivi. Kokoto hilo halisikii. Ukitoka kwenye lami inayounganisha Mwigumbi, Maswa, Bariadi na Lamadi, unakutana na luseni, yaani udongo wa kichanga, ambamo tairi ya mbele huzama na usukani kukataa kukatwa. Asiyeweza kukata usukani hawezi kujirudisha juu, kwa hiyo hapo hata mjuzi hushuka na kukokota. Masika udongo mweusi wa mbuga hunasa kwenye tairi, hujaa chini ya madigadi, na baada ya hatua chache gurudumu halizunguki tena. Watu hubeba kijiti cha kukwangulia, au huiinua Phoenix begani.

Mwanafunzi wetu, akishaweza kunyoosha na kukata kona, asikubali abiria haraka. Mtu wa kilo 60 kwenye karia huongeza uzito pale pale ambapo gurudumu la mbele halipati chochote, usukani unakuwa mwepesi, na kila abiria anapogeuka kusalimia watu wa njiani baiskeli inahisi. Breki za vyuma nazo, rimu ikiwa imelowa, huchukua mizunguko kadhaa kabla hazijashika. Aanze na dumu moja la maji, alifunge kwa mpira katikati ya karia, na lijae mpaka mdomoni: maji ya nusu dumu hucheza, na mchezo wake huja kinyume na ule wa usukani.