Madame, Mademoiselle ao Mama: unaandika nini juu ya barua?

Wandugu, mwaka wa kwanza nyuma ya diploma, mimi na wenzangu wawili tulikuwa tunapeleka karatasi na wino wa mashine katika maofisi hapa Lubumbashi. Siku moja tukasikia kwamba kampuni fulani inatafuta watu wa kuiletea vitu hivyo mwaka muzima. Mkubwa wa manunuzi alikuwa mwanamke. Nikaanza barua ya bei, na kwenye neno la kwanza tu nikasimama. Madame ao Mademoiselle? Nikaona nifanye akili, nikamuuliza zamu wa mlangoni: «Ule mama ameolewa?» Akacheka: «Ule? Hana mutu.» Basi nikaandika Mademoiselle, tukapiga muhuri, tukapeleka.

Nyuma ya siku nne barua ikarudi. Neno la kwanza lilikuwa limepigwa mstari kwa bic nyekundu, na pembeni ameandika kwa mkono: ndoa yangu inaongeza ao inapunguza nini kwa bei ya karatasi? Soko hatukupata. Baadaye ndiyo nikajua ya kama alikuwa mjane.

Wenzangu walisema kosa ni la zamu, alinipa habari mbaya. Hata mimi niliamini vile kwa muda. Leo siamini tena. Hata kama yule mama hangeolewa kamwe, kosa langu lilikuwa kuuliza. Kama kiti kile kingekuwa na mwanaume, ningeandika Monsieur palepale, bila kwenda mlangoni kuuliza kama ana bibi nyumbani.

Kuna wenye watasema: lakini Mademoiselle ni adabu ya Kifaransa, tulifundishwa shuleni. Ni kweli tulifundishwa. Lakini wenye lugha yao wenyewe wameliacha katika mambo ya serikali: tarehe 21 Februari 2012, waziri mkuu wa Ufaransa, François Fillon, aliandikia idara zote waondoe Mademoiselle kwenye fomu, wabaki na Madame kwa kila mwanamke, sawa vile Monsieur ni ya kila mwanaume. Kwa Kiingereza, ambacho tunakihitaji tukiandikia kampuni za migodi na mashirika ya kigeni, njia ni ileile: unaandika Ms., si Miss wala Mrs., isipokuwa mwenyewe amejiita hivyo. Tena hilo si jambo la jana. Gazeti la New York Times, lililokataa kwa miaka mingi, lilianza kutumia Ms. mwaka wa 1986. Na wazazi wetu wa wakati wa Zaïre watakuambia kwamba walikuwa wanaandika Citoyenne, na hakuna aliyeuliza kuhusu ndoa. (Mengine ya wakati ule siyatetei.)

Kwa hiyo: Madame. Ndiyo neno la kuanza nalo, hata kama aliyeketi pale ana miaka 24 na mulisoma pamoja.

Sasa, kama ana cheo, weka cheo: Madame la Directrice, Madame la Ministre. Hapa kwetu wengine wanapenda Madame le Directeur. Angalia vile yeye mwenyewe anaweka sahihi yake kwenye barua ao tangazo, umufuate. Mwanasheria wa baraza ni Maître, mwanamke ao mwanaume, na hapo Madame haihitajiki. Kama hujui barua itasomwa na nani, andika Madame, Monsieur. Usikisie kwa jina: Ilunga anaweza kuwa baba ao mama.

Mambo madogo yanayotuharibia: kwenye mwanzo wa barua ya Kifaransa usiandike Mme kwa kifupi, na usiongeze jina la ukoo. Ni Madame, na mkato, basi. Kwa Kiingereza ni kinyume, jina linatakiwa. Na vile ulivyomuita juu ndivyo utamuita chini: ukianza na Madame la Directrice, hauwezi kumaliza na «Veuillez agréer, Madame». Nimeona barua ya ndugu mmoja iliyoanza na Madame ikamaliza na Monsieur, juu alikopi ya zamani.

Na Kiswahili je? Hapo ndipo kuna shimo. Hapa Katanga, bibi ni muke wa mutu. Ukimwandikia mkurugenzi «Bibi» atajiuliza bibi ya nani. Lakini ukiandikia ofisi ya Dar es Salaam juu ya mizigo yako iliyoko bandarini, «Bi.» na jina ndiyo adabu yenyewe, kwa aliyeolewa na asiyeolewa, na kwenye barua za serikali yao utakuta pia «Ndugu» kwa wote. Mama ni neno letu la heshima, na ana kwa ana mimi ninalitumia bila woga. Kwenye barua ya kwanza ya kazi siliweki. Linamufanya mzazi wangu mbele hajanijua, na kuna mwenye hana mutoto ambaye neno hilo linamuchoma. Akinijibu mara mbili tatu, tukazoeana, hapo Mama inaingia yenyewe, hasa kwa WhatsApp.

Na kama mwenyewe ametia sahihi «Mademoiselle Fulani»? Basi muite vile. Amechagua.

Mwaka uliofuata tuliandika tena kwa ofisi ileile. Nikaweka Madame, bila kumuuliza zamu kitu. Jibu lilikuja kwa siku mbili, la mistari mitatu, na yeye ndiye aliyeweka sahihi: bei ya karatasi imekubaliwa, ya wino iko juu sana, mupunguze.