Risasi ndani ya panya wa pori

Ninyi wenye kutega panya, sikieni. Kule Kabwe, inchi ya Zambia, watu walichimba risasi miaka mingi mpaka 1994. Shimo lilifungwa, lakini mavumbi yake yangali katika udongo. Panya hupita humo, hula mbegu zenye mavumbi, hulamba manyoya yao. Wenye elimu walipowapasua walikuta risasi ndani ya maini na mafigo.

Wengine husema: moto unaua kila sumu. Hapana, moto haumalizi risasi. Panya wa namna hii aweza kuonekana mnene (nami najua utamu wake). Basi tegeni mbali na malundo ya madini. Maini, mafigo na mifupa musiwape watoto. Mwili wao huvuta risasi kupita wa mkubwa.