Gati Lililogeuka Mtaa: HafenCity ya Hamburg na Majengo ya Matumizi Mseto

Mwanafunzi yeyote aliyeisoma historia ya pwani yetu analifahamu jina la Vasco da Gama. Ndiye aliyetia nanga Mombasa na Malindi mnamo Aprili 1498, na ndiye aliyerejea mwaka 1502 akaitoza Kilwa kodi kwa vitisho vya mizinga. Nguzo yake ingali imesimama Malindi. Jambo ambalo huenda msomaji hakulitarajia ni kwamba jina hilo hilo limepewa uwanja mdogo katika mtaa mpya wa HafenCity, mjini Hamburg, Ujerumani. Mtaa huu umejengwa juu ya magati makuukuu, nao hutajwa mara nyingi wasanifu majengo wanapojadili jinsi ya kuufufua ufuo wa mji wa kale. Makala haya yananuia kueleza ulivyojengwa, na kuonyesha kwamba siri ya ufanisi wake haimo katika vioo na matofali bali katika namna ardhi ilivyouzwa.

Hamburg uko kando ya mto Elbe, yapata kilomita 100 kutoka baharini. Kuanzia mwaka 1883 wakazi wapatao 20,000 waliondolewa makwao, nyumba zao zikabomolewa, na mahali pao pakainuka safu za maghala ya matofali mekundu yaitwayo Speicherstadt, yaliyofunguliwa rasmi mwaka 1888. Humo zilihifadhiwa kahawa, viungo na mazulia. Sisi pia tumo katika historia hiyo: kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa imefungua biashara Unguja tangu mwaka 1849, na mwaka 1890 meli za Deutsche Ost-Afrika Linie zilianza safari zake kutoka Hamburg kuja pwani yetu. Baadaye yalikuja makontena. Meli zikawa kubwa, shughuli zikahamia ng'ambo ya kusini ya mto, nayo magati ya kaskazini, hatua chache kutoka katikati ya mji, yakapoteza kazi. Mwaka 1997 serikali ya mji ilitangaza nia ya kuyageuza makazi. Ramani kuu ikaidhinishwa mwaka 2000. Eneo lenyewe ni hekta 157.

Dhana ya matumizi mseto isitutishe. Yeyote aliyepita katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa ameona duka chini, familia juu, na baraza mlangoni ambapo mwenyeji na mpita njia huamkiana. Karne ya ishirini ndiyo iliyoyatenga hayo: ofisi kule, makazi kwingine, maduka kwingineko, na gari katikati. Matokeo yake ni mji unaokufa saa kumi na mbili jioni. HafenCity iliazimia kuurudisha mseto, tena si wa majengo kukaa jirani tu, bali wa matumizi kupandana ndani ya jengo moja. Sehemu nyingi za mtaa huu zina ghorofa ya chini yenye kimo cha takriban mita tano, ili ifae duka, mkahawa au karakana ya msanii. Juu yake ni ofisi na nyumba za kuishi.

Sasa swali: mjenzi anayetafuta faida atakubalije kuweka duka dogo mahali ambapo angeweka ofisi za bei ghali? Jibu ni kwamba hakuachiwa hiari. Sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa mikononi mwa kampuni ya umma inayomilikiwa na mji, na kampuni hiyo haikuuza kwa mnada. Viwanja viligawanywa vidogo vidogo, na aliyeshinda ni mwenye wazo bora la matumizi, wala si mwenye fedha nyingi tu. Hata aliyeshinda hakupewa hati papo hapo. Alitengewa kiwanja kwa muda, akatakiwa aandae shindano la wasanifu na kupata kibali cha ujenzi, ndipo anunue. Akizembea, kiwanja hurudi kwa mji.

Maji nayo yalikuwa na kauli yake. Gharika ya Februari 1962 iliua watu 315 mjini Hamburg, na magati haya yako nje ya kuta za kuzuia mafuriko. Badala ya kuuzungushia mtaa ukuta na kuuficha mto, wajenzi waliyainua majengo juu ya misingi yenye kimo cha mita nane hivi kutoka usawa wa bahari, na ndani ya misingi hiyo wakaegesha magari. Njia za kutembea kando ya maji zimeachwa chini. Mafuriko yakija huzama, kisha hukauka.

Jengo linalojulikana zaidi ni Elbphilharmonie, lililosanifiwa na Herzog & de Meuron wa Uswisi. Hili ni ghala la miaka ya 1960, lililohifadhi kakao, chai na tumbaku, ambalo kuta zake za matofali zimebebeshwa jumba la vioo lenye ukumbi wa muziki, hoteli na nyumba za kuishi, na katikati roshani iliyofunguliwa kwa umma. Lilizinduliwa Januari 2017. Gharama kwa mji, iliyokisiwa mwanzoni kuwa euro milioni 77, ilifika milioni 789. Ni jengo zuri. Lakini asiigize mtu pasi na kuusoma mswada wa hesabu.

Kasoro kubwa zaidi zilijitokeza pale kanuni ya viwanja vidogo ilipolegezwa. Sehemu ya kusini ya Überseequartier ilikabidhiwa mwekezaji mmoja, aliyejenga jumba kubwa la maduka. Oktoba 2023 wafanyakazi watano walikufa hapo kiunzi kilipoporomoka, na jumba likafunguliwa Aprili 2025 baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Mwezi huo huo wa Oktoba 2023, mnara wa Elbtower, uliokusudiwa kufika mita 245, ulikwama ukiwa na mita 100 hivi, mwenye mradi akiwa ameishiwa na fedha. Aidha, nyumba za mwanzo zilikuwa za matajiri. Sharti la theluthi moja ya nyumba kupewa ruzuku lilikuja baadaye, katika vitongoji vya mashariki.

Huko mashariki ndiko kuliko na bustani ya Lohsepark. Hapo palikuwa na kituo cha reli ambacho Wayahudi, Wasinti na Waroma zaidi ya 8,000 walisafirishwa kutoka kwacho kati ya 1940 na 1945, na ukumbusho wao ulizinduliwa mwaka 2017 katikati ya majengo mapya. Si mbali na hapo ni gati la Baakenhafen. Kutoka gati hilo, kuanzia mwaka 1904, wanajeshi walipandishwa meli kwenda Namibia, walikowaangamiza Waherero na Wanama. Februari 2025 serikali ya mji ilitia saini mkataba na wakfu wa tajiri Klaus-Michael Kühne ili jumba jipya la opera lijengwe kwenye ncha ya gati hilo. Miongoni mwa maswali yaliyoulizwa na wakosoaji ni haya: wafu wa Namibia watakumbukwa wapi katika ramani hiyo?