Makosa ya Tahajia na Sikio la Mtoto: Kufundisha Uandishi katika Shule za Msingi za Garissa

Kumfundisha mtoto kuandika ni kazi mbili zinazokwenda pamoja bila kufanana, kwani ya kwanza ni kuuzoesha mkono kuchora herufi na kuunganisha silabi, na ya pili ni kumzoesha mtoto kulitafuta neno linalobeba alichokiona au alichokiwaza na kulipanga ili msomaji ambaye hakuwepo naye aelewe. Katika shule nyingi za Garissa, Wajir na Mandera, kaunti za kaskazini mashariki mwa Kenya, kazi ya kwanza hushughulikiwa kwa bidii kwa njia ya kunakili ubaoni na imla, lakini ya pili huahirishwa hadi madarasa ya juu, kwa dhana kwamba mtoto anayekosea tahajia, yaani namna ya kuendeleza maneno kwa herufi, hana bado anachoweza kuandika. Dhana hiyo ni potofu, na madhara yake ni makubwa mno katika kaunti hizi tatu, ambako watoto wengi huingia gredi ya kwanza wakiwa wameshika kalamu tayari, japo si ya shule, na wakiwa na lugha pevu ambayo darasa haliigusi.

Kalamu hiyo ni ya dugsi, jina ambalo Wasomali, walio wengi katika kaunti hizi, huipa madrasa ya Kurani. Humo mtoto huanza mapema, mara nyingi kabla ya umri wa shule, na kwa desturi huandika juu ya loox, kibao cha mti kinachooshwa aya ikishahifadhiwa ili iandikwe nyingine. Irabu za Kiarabu hufundishwa kwa Kisomali, kwa mfumo wa kukariri ambao mapokeo humhusisha nao Sheikh Yusuf al-Kawneyn: mtoto husema alif la kor dhabay kwa alama ya juu inayotoa a, alif la hoos dhabay kwa ya chini inayotoa i, na alif la goday kwa ile inayotoa u. Kwa hiyo mtoto anapofika shuleni huwa anafahamu kwamba alama husimamia sauti, kwamba konsonanti na irabu huungana, na kwamba mstari una mwanzo na mwisho, ingawa kwake mwanzo uko kulia. Akiandika herufi b ikielekea upande usio wake, au akianza mstari kutoka ukingo wa kulia, si mzito wa kuelewa bali anafuata kanuni aliyofundishwa vyema mahali pengine, na wiki chache za kuonyeshwa mahali pa kuanzia, kwa nukta iliyotiwa ukingoni mwa kushoto, humtosha. Jambo gumu zaidi ni lingine: katika maandishi ya Kurani hakuna ruhusa ya kubadili hata herufi moja, na ndivyo inavyopasa kuwa, ila heshima hiyo ikihamishiwa kwenye daftari la insha humfanya mtoto aogope kuandika neno ambalo hajalinakili popote. Mwalimu hana budi kumweleza waziwazi kwamba kazi hizi mbili zina adabu tofauti.

Utajiri mkubwa wa somo hili, hata hivyo, umo katika makosa yenyewe. Wataalamu wa lugha huita athari ya lugha ya kwanza hali ambayo sauti na kanuni za lugha ya nyumbani hujitokeza katika lugha inayojifunzwa, na kwa mtoto wa Kisomali athari hiyo ina mpangilio unaoweza kutabirika. Kisomali sanifu hakina sauti p, v wala z, hivyo mtoto husikia sauti iliyo jirani na kuandika bika badala ya pika, fitabu badala ya vitabu na sawadi badala ya zawadi. Neno la Kisomali halianzi kwa konsonanti mbili zilizofuatana, basi neno mtoto huandikwa mutoto. Sauti ya gh huangukia kwenye q ya Kisomali, ambacho kina neno qaali lenye maana ileile ya ghali. Aidha, Kisomali hutofautisha irabu fupi na ndefu kwa kuiandika ile ndefu mara mbili, na kwa kuwa Kiswahili huivuta kidogo silabi ya pili kutoka mwisho, sikio linalozingatia urefu linaweza kumwelekeza mtoto kuandika baaba au kalaamu. Mtoto wa namna hii amesikiliza kwa makini na kuandika kwa uaminifu kile alichokisikia, na kalamu nyekundu inayofuta neno zima humnyima mwalimu taarifa aliyoihitaji ili apange somo la kesho.

Somo hilo la kesho ni jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu: pata na bata, vua na fua, zana na sana, choka na shoka. Mtoto hutamka, huweka kiganja mbele ya midomo ili ahisi pumzi ya p isiyokuwepo kwenye b, huweka kidole kooni ili ahisi mtetemo wa z usiokuwepo kwenye s, kisha ndipo huandika. Programu ya Tusome, iliyoenea nchini kuanzia mwaka 2015, iliwaletea wanafunzi wa madarasa ya mwanzo vitabu vya Kiswahili na Kiingereza na ufundishaji unaozingatia sauti za herufi, na hiyo ilikuwa faida kubwa. Lakini mwongozo wake ulikuwa mmoja kwa taifa zima, na mtoto wa Fafi huhitaji kukaa na p na b kwa muda mrefu kuliko mtoto wa Kilifi.

Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 unaelekeza kwamba hadi gredi ya tatu mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Kwa Kisomali, uandishi kwa herufi za Kilatini ulipata hadhi rasmi nchini Somalia mwaka 1972, na mfumo wake ni wa wazi kiasi kwamba mtoto anayefahamu herufi za Kiswahili ana sehemu kubwa ya kazi imeshafanyika; hubaki kujifunza kwamba x husimamia ile h ya kooni na c husimamia sauti ya ayn. Ndiyo maana mtoto aliye Omar katika sajili ya shule ni Cumar kwa maandishi ya Kisomali, na Hassan ni Xasan. Darasa likiandika majina yake kwa mifumo yote miwili, watoto hutambua kwamba herufi ni makubaliano ya watu, na hofu ya kukosea hupungua. Mjini Garissa, ambako Wasomali, Wapokomo, Wakamba na wengine huketi dawati moja, Kiswahili chenyewe huweza kuwa lugha ya eneo, na hapo mwalimu atapima hali ya darasa lake.

Uwezo wa kutenga sauti moja ndani ya neno, unaoitwa utambuzi wa sauti, ni msingi wa tahajia, na hapa jamii ya Wasomali ina hazina ambayo wachache wanayo. Ushairi wao hufungwa kwa sauti ya mwanzo wa neno, kiasi kwamba katika gabay, utenzi wa mistari mirefu, sauti moja hurudi mstari baada ya mstari tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto aliyelelewa akisikia beti hizo, pamoja na vitendawili vinavyoitwa halxiraale, amezoea kusikiliza neno linavyoanza. Mwalimu anayewataka watoto watunge sentensi ambayo kila neno lake linaanza kwa p atakuwa anaiweka sauti ngeni ndani ya mchezo wanaoumudu.

Kuhusu insha, mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi, uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, uliifanya iheshimiwe lakini pia uliijaza misemo ya kukariri, hata insha ya mtoto wa Modogashe ikafunguka kwa maneno yaleyale ya mtoto wa Nyeri, amerauka alfajiri na jua linatoa miale. Tathmini ya KPSEA ya gredi ya sita ilipoanza mwaka 2022 kwa maswali ya kuchagua majibu, hatari iligeuka kuwa insha kuachwa kabisa. Ipo haja ya kuirejesha kwa mada ambazo mtoto ana ujuzi nazo: jinsi ngamia anavyonyweshwa kisimani, dalili za mvua za Gu, yaani masika, mto Tana unapofurika na familia kuhamia palipoinuka. Rasimu ya kwanza, yaani andiko la awali litakalorekebishwa, isomwe kwa ajili ya maana pekee, na maneno ya Kisomali yaliyomo yaachwe. Ya pili irekebishwe tahajia ya aina moja tu, kwa mfano v na f, kwa sababu mtoto aliyerudishiwa ukurasa mzima wa alama nyekundu hajui aanze wapi.

Uhaba wa walimu ndio kikwazo kikubwa. Kufuatia shambulio la Januari 2020 lililoua walimu watatu huko Kamuthe, Garissa, tume ya kuajiri walimu, TSC, iliwahamisha wengi waliotoka kaunti nyingine, na shule zikabaki zikitegemea walimu wa bodi, yaani wanaoajiriwa na bodi za shule, wakiwemo vijana waliomaliza kidato cha nne bila mafunzo ya ualimu. Vijana hao huonekana kama upungufu tu, ilhali kijana wa Balambala anayezungumza Kisomali na aliyewahi kuandika fitabu yeye mwenyewe hulitambua kosa hilo papo hapo na kujua limetoka wapi. Mafunzo mafupi ya likizo, yenye orodha ya sauti zisizo katika Kisomali, jozi za maneno na utaratibu wa rasimu mbili, yanaweza kutolewa kwao katika kila kaunti ndogo wakati wakisubiri nafasi za chuo.