Mtoto Ndani ya Motokaa Iliyofungwa

Mtu aliyepata kufika Chemba siku ya mnada atakubaliana nasi kwamba ni vigumu mno kumtafuta mtu mahali hapo. Ng'ombe na mbuzi wameswagwa tangu alfajiri, magunia ya ufuta na alizeti yamepangwa safu kwa safu, Warangi, Wasandawe, Waburunge na Wagogo wanapatana bei kila mmoja kwa sauti yake, na magari yameegeshwa popote penye nafasi. Mengi hukaa juani, kwa kuwa kivuli cha mibuyu hakiwatoshi watu, seuze magari.

Katika mnada wa namna hiyo, mwezi wa Novemba, mwandishi wa makala haya alikuta watu kama kumi wamezunguka pikapu moja. Vioo vyake vilikuwa vimefungwa vyote, na milango pia. Ndani yake, juu ya kiti, alikuwamo mtoto wa kiume ambaye umri wake haukuzidi miaka miwili. Alikuwa amelala, au hivyo ndivyo tulivyodhani. Nywele zake zilikuwa zimelowa, mdomo uko wazi, na hakugeuza kichwa kioo kilipogongwa. Kila mtu aliyefika aliuliza swali lile lile: "Mwenyewe yuko wapi?" Akiisha kuuliza, alisimama pamoja na wengine akatazama.

Aliyetuokoa ni mama mmoja muuza karanga. Yeye hakuuliza mwenyewe yuko wapi. Alikwenda mbio mpaka kwa dalali, akamshika mkono uliokuwa umeshika kipaza sauti, akamwambia atangaze namba ya gari. Dalali aliacha ng'ombe wake katikati ya bei akatangaza mara tatu. Baba mtu akatokea anakimbia, funguo zinatetemeka mkononi. Mtoto alipotolewa alikuwa wa moto kama jiwe la jikoni. Aliwekwa kivulini, akavuliwa nguo, akamwagiwa maji ya dumu yaliyokuwa yakiuzwa pale pale, akapepewa kwa kanga. Baada ya muda alilia, na sijapata kusikia kilio kilichofurahisha watu wengi kama kile.

Hapo ndipo vijana walipotaka kumpiga baba. Mzee mmoja akaingia kati, akasema: "Wanangu, mwacheni. Mkimvunja mbavu, nani atampeleka mtoto zahanati?" Wakamwacha. Yule baba, mtoto begani, alitutazama sote kisha akamwuliza mzee: "Mzee wangu, mlikuwa watu wote hawa. Kwa nini hamkuvunja kioo?"

Mzee hakujibu. Nasi hatukuwa na jibu.

Tumelifikiri sana swali hilo, na tunaona halikuwa swali la jeuri. Kwetu mtoto akijikwaa njiani, mtu mzima yeyote humwinua bila ya kuuliza ukoo wake. Akikutwa mtoto anachezea kisima, mpita njia humkemea na mzazi hushukuru. Lakini mtoto yule yule akiwekwa nyuma ya kioo, anageuka kuwa mali ya mwenye gari. Sababu yake inajulikana na kila mwananchi, ijapokuwa haisemwi. Mtu anayevunja kioo cha gari mnadani huitwa mwizi kabla hajapata nafasi ya kueleza, na mtu anayeonekana amembeba mtoto asiye wake huitwa mwizi wa watoto. Neno hilo moja, likipigwa kelele penye umati, limepata kuua watu wasio na hatia. Basi kila mmoja hungoja mwenzake atangulie, na jua halingoji.

Ni vema tufahamu upesi wa jua hilo. Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima joto ndani ya gari lililofungwa, katika siku ambazo joto la nje lilikuwa kati ya nyuzi 22 na 36. Hata siku ile ya nyuzi 22, ambayo mtu wa Dodoma angeiita siku ya baridi, joto ndani ya gari lilifika kiasi cha nyuzi 47 katika muda wa saa moja. Na sehemu kubwa ya ongezeko hilo, kama sehemu nane katika kumi, ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Walijaribu pia kuacha vioo wazi kidogo, kama wafanyavyo wazazi wengi wakidhani wameacha hewa. Tofauti yake ilikuwa ndogo mno. Mwanga wa jua hupenya kioo, ukachoma viti na bodi ya mbele, navyo vikatoa joto lisilopata njia ya kutokea. Mwili wa mtoto hupata joto mara tatu hadi tano upesi kuliko wa mtu mzima. Ukifika nyuzi 40 yuko hatarini. Ukipita 41 na kukaribia 42, hufa.

Huko Marekani kwenyewe, tangu mwaka 1998 wamekufa watoto zaidi ya 1,000 kwa njia hii. Kama nusu yao walisahauliwa tu na wazazi waliokuwa wakiwapenda: mzazi alibadili njia yake ya kila siku, mtoto akalala kimya nyuma, akili ikamwambia kwamba mtoto amekwisha fikishwa. Kama robo waliingia wenyewe katika magari wakicheza. Waliobaki, wengi wao waliachwa kwa kujua, kwa ajili ya "dakika mbili tu". Na Qatar, ambako ndugu zetu wengi wamekwenda kutafuta kazi, mtoto wa kike wa miaka minne alisahauliwa katika basi la shule mwezi wa Septemba 2022 akafa. Serikali ya huko ikaifunga shule. Sisi nasi tunayo magari yanayobeba watoto wa shule Dodoma mjini, na dereva ambaye hapiti kiti kwa kiti kabla ya kufunga milango anacheza na jambo hilo hilo.

Asitokee mtu akasema haya ni mambo ya miji mikubwa. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilometa 251, ilizinduliwa mwaka 2018, nayo inakatiza wilaya ya Chemba, wilaya iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Mahali ambapo zamani lori lilitimua vumbi mara chache kwa siku, leo magari hupita mchana kutwa, na mkulima aliyeuza ufuta wake vizuri naye hununua pikapu. Gari limefika kijijini. Desturi ya kulitazama lililomo ndani yake bado haijafika.

Sheria, kwa upande wake, haikutuacha mikono mitupu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa kumkinga mtoto wake na uzembe na hatari, na ilipotungwa iliweka faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili, kwa anayevunja wajibu huo. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaja na jirani: mwananchi yeyote mwenye habari kwamba haki ya mtoto inavunjwa ana wajibu wa kuitoa habari hiyo kwa serikali ya mtaa au kijiji chake. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na kuna namba ya simu 116 ya kusaidia watoto, ambayo mpigaji halipi kitu. Kwa mtoto anayepigwa au anayenyimwa chakula, njia hizo zinafaa sana. Kwa mtoto aliye ndani ya pikapu saa saba mchana, zinafaa pamoja na mkono wa mtu aliye karibu, wala si badala yake.

Wabunge wa jimbo la Tennessee, Marekani, walilitazama jambo hili mwaka 2014 wakamkinga kwa sheria anayevunja gari ili kumwokoa mtoto. Masharti yao ni ya mtu mwenye akili timamu: ajaribu milango kwanza, awe anaamini kweli kwamba mtoto yu hatarini, aite polisi au wazima moto, asitumie nguvu kupita inavyohitajika, na akae na mtoto mpaka wenye mamlaka wafike. Hakuna hata sharti moja hapo ambalo mkutano wa kijiji cha Chemba ungeshindwa kulielewa, na tungependa kuliona jambo hili limeandikwa bayana katika sheria zetu, ili asiyeiba asiogope kuitwa mwizi.

Mpaka hapo, hofu hiyo ina dawa moja ya kienyeji: mtu asifanye peke yake wala kimya kimya. Apige kelele yeye kwanza, aseme kuna mtoto ndani. Awaite watu wawili wasimame wawe mashahidi, akiwamo mgambo au mwenyekiti wa kitongoji kama yuko. Mwingine atumwe kwa dalali mwenye kipaza sauti. Ikiwa mtoto haamki au hatoi sauti, kivunjwe kioo cha mlango ulio mbali naye, kwa kukipiga pembeni. Kile cha mbele ya dereva kisijaribiwe, hakipasuki kirahisi. Mtoto aliyezimia asinyweshwe maji kwa nguvu. Amwagiwe mwilini, apepewe, apelekwe zahanati hata kama amekwisha anza kulia. Maji ni ghali Chemba, twajua, na punda huyatoa mbali. Siku ile muuza maji hakudai senti.

Na wenye gereji kando ya barabara wana kazi yao. Magari mabovu yaliyolala nyuma ya vibanda ndiyo viwanja vya kuchezea watoto wa jirani, na milango yake mingi hufunguka kutoka nje tu. Yafungwe kwa kufuli, au milango hiyo ing'olewe.