Mazoezi ya Kumbukumbu kwa Wagonjwa wa Ubongo

Mzee aliyeanza kusahau hutembelewa na watu wema, nao kabla hata ya kuketi humwuliza: "Babu, wanikumbuka? Mimi ni nani?" Swali huulizwa kwa upendo, lakini kwake ni mtihani, na akishindwa hufedheheka mbele ya wajukuu. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini swali hilo liachwe, na lifanywe nini badala yake.

Mwaka 1994 wataalamu Baddeley na Wilson wa Uingereza walionyesha kwamba mtu mwenye kumbukumbu iliyoharibika hujifunza vema zaidi asipoachwa kubahatisha. Mwenye afya akikosea hukumbuka kwamba alisahihishwa. Mgonjwa husahau masahihisho, ila kosa lenyewe humbakia. Kwa hiyo kijana wa Mpanda aliyeumia kichwa kwa ajali ya bodaboda asiulizwe dawa zake ziko wapi. Aambiwe: "Dawa zimo katika kikapu chekundu." Ndipo aulizwe papo hapo, naye ajibu. Aulizwe tena baada ya dakika moja, kisha mbili, nne, nane. Akikwama, aambiwe jibu mara moja, na muda urudishwe pale alipoweza. Jambo moja kwa siku latosha.

Dimensia ni habari nyingine. Mzee ambaye ubongo wake unazidi kudhoofika hatapona kwa mazoezi, wala si haki kuwaahidi jamaa zake hivyo. Hata hivyo asiachwe kukaa bure. Wilayani Hai, Kilimanjaro, yalijaribiwa mazoezi ya kikundi yaliyotoka Uingereza: vikao 14 kwa majuma 7. Ilibidi yageuzwe kwanza, kwa kuwa wazee wengi hawakujua kusoma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu ya fahamu, na wasiwasi kupungua. Kanuni yake moja yafaa kushikwa sana: mgonjwa aombwe rai, si habari. Mrina asali wa Inyonga asiulizwe alitundika mizinga mingapi. Apewe kipande cha nta anuse, aulizwe asali ipi ni tamu zaidi. Rai haina kosa. Nao wazee wa Katumba, waliokimbia Burundi mwaka 1972, wazungumziwe Kirundi ikiwezekana, maana mara nyingi lugha ya utotoni ndiyo hudumu.

Aliyebadilika ghafula, kwa saa au siku chache, apelekwe hospitali kwanza. Huenda ni malaria au kiharusi, na hapo mazoezi ni kupoteza wakati.

Mazoezi yafanyike uani, majirani wakiona. Magharibi ya Tanzania wamekuwako wazee, hasa akina mama, waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, na bibi atangatangaye usiku akisema na marehemu hushukiwa upesi. Jirani aliyeketi naye mchana, akamsikia akitafuta jina la mwanawe asilipate, ataweza kuwaambia wengine kwamba bibi huyu ni mgonjwa.